Namna ya Kuchagua Mavazi ya Uwindaji kwa Baridi ya Nyanda za Juu Kusini na Joto la Mabondeni

Mtu anayeondoka Mafinga saa 10 alfajiri ya mwezi Julai huvaa koti juu ya sweta na bado meno humgongana, lakini mtu huyohuyo akifika bondeni Pawaga saa 5 asubuhi hulivua koti, akavua na sweta, na mwisho hujikuta amebeba mzigo wa nguo ambao hautamfaa tena mpaka jioni. Hiyo ndiyo shida ya msingi ya mwindaji wa Nyanda za Juu Kusini: hachagui nguo za nchi ya baridi wala za nchi ya joto, bali huchagua nguo za kuteremka nazo. Mwongozo huu ni wa mwindaji mwenye kibali anayeishi Iringa, Njombe au Mbeya, ambako maduka ya nguo maalumu za uwindaji ni adimu, hivyo sehemu kubwa ya mavazi yake itatoka kwa fundi cherehani au kwenye marobota ya mitumba ya soko la Mwanjelwa jijini Mbeya.

Kabla ya kutoa fedha mfukoni, soma kibali chako. Uwindaji nchini unasimamiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kibali hutaja eneo, mnyama na muda. Mambo hayo matatu ndiyo yatakayokuambia uvae nini kuliko tangazo lolote la dukani. Hifadhi za taifa, ikiwemo Ruaha na Kitulo, hazihusiki kabisa, kwa kuwa ndani yake hakuna uwindaji. Ukishalijua eneo, tafuta mwinuko wake kutoka usawa wa bahari, kisha ukumbuke kanuni moja nyepesi: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Jiji la Mbeya liko karibu na mita 1,700, uwanda wa Kitulo unafikia mita 2,600, na bonde la Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Mtu anayetoka juu kwenda chini hukutana na tofauti ya nyuzi 10 au zaidi, na hapo bado hujahesabu tofauti ya alfajiri na mchana.

Jambo la pili la kulimaliza mapema ni mavazi yenye mabaka ya kijeshi. Katika picha za wawindaji wa Marekani na Ulaya mabaka hayo ni ya kawaida, na kwenye mitumba hayakosekani, lakini hapa nchini raia haruhusiwi kuvaa sare za majeshi wala nguo zinazofanana nazo. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha. Kwa hiyo usiinunue suruali ya mabaka hata kama bei yake inakushawishi na muuzaji anaapa kuwa ni ya kuvulia samaki. Wala hutapoteza kitu, kwa sababu kaki, kijani kilichofifia, kahawia na rangi ya majani makavu hufanya kazi ileile porini.

Kuhusu rangi, inafaa kuelewa mnyama anaona nini. Wanyama wenye kwato, kama swala, tandala, pofu na nyati, wana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi machoni, ilhali binadamu ana tatu. Nyekundu na rangi ya chungwa kwao hazijitengi sana na kijani na kahawia, lakini buluu huiona vizuri. Jinzi ya buluu, ambayo wengi wetu huivaa shambani bila kufikiri, ni chaguo baya kwa sababu hiyo, na ni baya mara mbili katika pori lenye ndorobo, kwa kuwa mdudu huyo huvutwa na buluu na weusi. Ndiyo maana mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo mbili. Sabuni nazo zina lao: sabuni nyingi za unga huwekwa kemikali za kuzifanya nguo zing'ae, na mng'ao huo huangukia upande wa buluu ambao macho ya wanyama hao huupokea vyema. Nguo za porini zifuliwe kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, zianikwe kivulini, kisha zitunzwe mbali na jiko la kuni na mafuta ya taa.

Hata hivyo, rangi si jambo zito kama wengi wanavyodhani. Mnyama hushtushwa kwanza na harufu, kisha mlio, kisha mwendo. Rangi huja mwishoni. Hakuna nguo inayozuia harufu ya mwili, na ndiyo sababu wafuatiliaji wa nyayo hutembea na kijifuko cha majivu wanachokipukuta kuona upepo unaelekea wapi. Mlio, kwa upande wake, unaweza kuuchagua ungali sokoni. Shika kitambaa, kisugue kwa ukucha, kisha ukikunje karibu na sikio. Naili ngumu na makoti mengi ya mvua hutoa mchakacho unaosikika mbali asubuhi isiyo na upepo, ilhali pamba nzito, sufu na sweta za flisi, yaani zile laini zenye manyoya mafupi, ni kimya. Tazama pia vifungo: mfuko unaofungwa kwa vile vibandiko vinavyochanika kwa kelele ubadilishiwe na fundi, utiwe kifungo cha kawaida, kazi isiyozidi dakika 10.

Sasa tuje kwenye baridi. Kosa linalorudiwa sana ni kuvaa koti moja zito juu ya fulana ya pamba. Koti hilo hukutosha ukiwa nyuma ya gari la wazi, lakini ukianza kupanda kilima jasho hulowanisha fulana, na ukikaa kusubiri, pamba iliyolowa hukunyonya joto la mwili mpaka utetemeke. Vaa tabaka tatu nyepesi badala yake. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu nyembamba au polyesta ya michezo, maana hizo husafirisha jasho na kukauka upesi. Jezi ya mpira ya rangi tulivu inatosha kabisa. Ya pili iwe sweta ya sufu au flisi. Ya tatu iwe koti jepesi la kukata upepo, pana kiasi cha kukuruhusu kunyanyua bunduki begani bila kubanwa kwapani. Sufu ina sifa moja inayoifanya istahili bei yake, nayo ni kwamba hubaki na joto hata ikilowa, jambo ambalo makoti yaliyojazwa manyoya ya bata hayaliwezi. Katika mitumba, sweta za sufu halisi mara nyingi huuzwa bei chini ya sweta mpya za dukani kwa sababu tu zinawasha kidogo. Mimi huzivaa juu ya jezi, na muwasho haunifikii.

Sheria ninayoifuata alfajiri ni kuanza kutembea nikiwa na baridi kidogo. Ukiwa na joto zuri umesimama, nguo zimezidi, na utalipa kwa jasho baada ya robo saa. Vua tabaka kabla ya kupanda, livae tena ukifika juu. Sakitu, yaani umande ulioganda, ya Juni na Julai katika maeneo ya juu ya Makete, Njombe na Mufindi huacha majani yamelowa mpaka jua lipande, hivyo suruali huloa kuanzia magotini kushuka chini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Suruali ya mchanganyiko wa pamba na polyesta hukauka ikiwa mwilini kabla ya saa 4 asubuhi, ilhali jinzi hubaki nzito mpaka mchana.

Kwenye joto la mabondeni mambo hugeuka. Katika vichaka vikavu vya Pawaga na Idodi, ambako mibuyu na migunga imetawala, pamba tuliyoikataa juu ndiyo inayofaa, kwani jasho linapokauka taratibu hupoza mwili. Usidanganyike kuvaa kaptura na fulana ya mikono mifupi. Shati la mikono mirefu, pana, lenye kola ya kusimama, hukukinga na jua, ndorobo na miiba kwa pamoja. Kitambaa kiwe cha uzito wa kati, kama kile cha sare za kaki za shule, kwa sababu ndorobo hupitisha mdomo wake kwenye kitambaa chembamba kilichobana mwili. Miiba ya kikwata, ambayo imepinda kama ndoana, hushika sufu na flisi na kuzichana nyuzi. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana huifanya iteleze. Mwombe fundi aongeze viraka kwenye magoti na viwiko tangu suruali na shati vikiwa vipya, maana ukimnyatia mnyama utatambaa.

Misitu ya miombo, kama ile ya mapori ya akiba ya Lukwati na Piti upande wa Chunya, ina adha zake. Mwishoni mwa kiangazi ardhi huwa na majivu ya moto na majani makavu yanayolia kama bisi, na hapo viatu huamua zaidi kuliko nguo. Panapobaki nyasi ndefu utakutana na upupu, ambao vinyweleo vyake huingia kwenye kitambaa cha manyoya na kukaa humo hata baada ya kufuliwa, na utatoka na kishonanguo kutoka kiunoni hadi miguuni. Chagua kitambaa laini kisichoshikilia kitu. Kupe nao hupanda kutoka chini, kwa hiyo chomeka suruali ndani ya soksi bila kujali utachekwa. Nguo zinaweza kunyunyiziwa dawa ya permetrini, ambayo pia imetumika katika vyandarua, ukafuata maelezo ya chupa na kuziacha zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Huzuia kupe na mbu vizuri. Kwa ndorobo usiitegemee. Wenye paka nyumbani wasimwache karibu wakati dawa haijakauka, kwani kwake ni sumu.

Mvua huku kwetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Koti la mvua la plastiki zito, kama yale ya wachuma chai wa Mufindi, hukinga maji lakini hukulowesha kwa jasho na hupiga kelele. Beba jepesi, likunjwe mfukoni, ulivae pale tu mvua inapoanza, kwa sababu mshindo wa mvua wenyewe utafunika mchakacho wake.

Viatu ndivyo nisivyokubali kubahatisha. Vijaribu jioni, wakati mguu umevimba kwa shughuli za mchana, ukiwa na soksi utakazozivaa porini. Kisha simama kwenye mteremko, au piga ncha ya kiatu chini mara kadhaa: vidole vikigonga mbele, kiatu hicho kitakung'oa kucha siku utakapoteremka ukingo wa bonde. Kwenye miamba na majani makavu chagua soli ya mpira laini inayokunjika, ili uhisi kijiti kabla hujakivunja. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ambao ukilowa hunata kama ugali mbichi, soli yenye meno yaliyobanana hujaa matope na kila hatua huwa na uzito wa tofali; hapo meno machache yaliyoachana ndiyo bora. Gambuti zinafaa kwenye tope la kudumu tu, kwa kuwa kwenye joto hulowesha mguu kwa jasho na kuuchubua. Kiatu kipya kitembelee nyumbani wiki mbili au tatu kabla ya safari.

Kiatu kifunike kifundo cha mguu, na juu yake ongeza vipande vya turubai au ngozi vinavyofungwa kuzunguka kigimbi. Fundi viatu yeyote anaweza kuvishona. Hukinga miiba, upupu na kupe, na vinasaidia dhidi ya moma, nyoka ambaye hategemei kukimbia bali kujificha, na ambaye watu wengi humkanyaga bila kumwona. Soksi ziwe mbili za akiba, za sufu au mchanganyiko wake hata kwenye joto.

Kofia iwe ya kitambaa yenye ukingo mpana usiogonga darubini ya bunduki, na ya sufu iwe mfukoni kwa alfajiri. Glavu nyembamba zinatosha, mradi umejaribu bunduki isiyo na risasi ukiwa nazo na kidole kimeingia kwenye kilinda kifyatulio bila kukwama.

Mkiwa kundi mnawinda kanga au kwale vichakani, nasihi kila mmoja avae kizibao cha reflekta kama cha bodaboda. Majimbo mengi ya Marekani huwalazimisha wawindaji kuvaa rangi ya chungwa inayowaka kwa sababu za usalama. Ni kweli kwamba ndege huona rangi vizuri kuliko swala, lakini kanga anayeinuka kwa kukurupushwa hakai kutazama mmevaa nini, na mwenzako aliyeinua bunduki kuufuata mruko wake ndiye anayehitaji kukuona.

Siku tatu kabla ya safari, vaa kila kitu kwa pamoja, na begi mgongoni. Chuchumaa, tambaa uani, panda ukuta mfupi, nyanyua bunduki tupu begani mara 10, na umwombe mtu wa nyumbani asimame hatua 20 nyuma yako akueleze anasikia nini. Kinachobana, kinacholia au kinachong'ang'ania kifungo cha shati peleka kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu kuelekea wikendi foleni yake huwa ndefu.