Kuishi na panya mwenye kifua kisichopona

Zabibu, panya wangu wa kike mwenye mgongo mweusi, ana kifua tangu udogoni, na hadi leo anakula, anafukua na kugombania kona ya kulala na mwenzake. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wengi wakiambiwa ugonjwa huu hauponi, hukata tamaa upesi mno.

Chanzo kikuu ni bakteria wa maikoplazima, ambao karibu panya wote wa kufugwa wanao. Huwapata kwa mama zao au kwa wenzao kwa njia ya hewa. Dawa huwatuliza bakteria hawa, haiwamalizi. Mgonjwa wa siku nyingi usimtenge na wenzake: wameshaambukizana, na panya akikaa peke yake hunyong'onyea. Wa kutengwa ni mgeni, kwa wiki mbili au tatu, tena katika chumba kingine.

Zoea sauti ya pumzi zake akiwa hajambo. Kila jioni namshika Zabibu na kubandika sikio ubavuni mwake. Yeye ana mluzi mwembamba usiokoma, huo ni wake. Ukigeuka mkoromo, au ukianza kusikika nikiwa mbali, napiga simu kwa daktari. Wekundu puani na machoni huwatisha watu, lakini mara nyingi si damu. Ni porfirini, rangi inayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, nayo huzidi panya akiumwa au akiwa na wasiwasi. Mimi huogopa zaidi nikiona mbavu zinavutwa kwa nguvu ilhali ametulia, manyoya yamesimama, mgongo umejikunja, au kichwa kimelalia upande mmoja, maana maambukizi huingia hadi sikioni.

Hewa ya tunduni nailinda kuliko kitu kingine chochote. Mkojo hutoa amonia, na amonia huunguza njia ya hewa na kudhoofisha vinyweleo vinavyosukuma makamasi nje. Ukifikia kusikia harufu ukiwa umesimama, yeye aliye pale chini ameshaivuta muda mrefu. Tumia tundu la nyaya, si tangi la kioo. Maranda ya msonobari na mwerezi yaache, hata yakinukia vizuri, kwa kuwa mafuta yake huwasha mapafu. Vipande vya karatasi visivyo na vumbi vinafaa. Vitambaa fua kwa sabuni isiyo na manukato. Sigara na dawa za kupuliza zisikaribie chumba hicho.

Kuhusu dawa, tafuta daktari wa wanyama anayewajua panya. Mara nyingi huandika doksisaiklini, enrofloksasini, au zote mbili, kwa kipimo kinachofuata uzito, na matibabu huchukua wiki kadhaa. Maliza dozi hata akianza kurukaruka. Dawa za jamii ya penisilini haziwagusi maikoplazima, kwa kuwa bakteria hao hawana ukuta wa seli ambao dawa hizo huushambulia. Zikitolewa, huwa ni kwa ajili ya bakteria wengine waliodandia. Doksisaiklini usiichanganye na maziwa wala mtindi, kalsiamu huifunga isifanye kazi. Mimi huificha kwenye tone la ndizi iliyopondwa. Usiitie kwenye chupa ya maji: mgonjwa hunywa kidogo, na hutajua amepata kiasi gani.

Mapafu yakishapata makovu, daktari anaweza kuongeza dawa ya kupanua njia ya hewa, au steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe. Hiyo ya pili hushusha kinga, kwa hiyo usijipe ruhusa mwenyewe. Nebulaiza, mashine inayogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta, ikiwa na maji ya chumvi ya hospitali humsaidia sana Zabibu. Namweka ndani ya kisanduku chenye matundu kwa dakika kumi hivi, na makamasi hulegea.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike gramu. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usisubiri dalili nyingine. Unene nao ni mzigo kwa kifua.

Panya hupumua kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo, hiyo ni dharura ya saa ile ile: mweke penye utulivu na hewa, usimbane kifua, mpeleke apewe oksijeni. Kubaliana na daktari mapema ni dawa gani ya dharura ukae nayo nyumbani.

Ikiwa dawa zimebadilishwa na bado kila pumzi ni mapambano, wala hataki tena chakula anachokipenda, zungumzeni na daktari kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho, asiteseke tena. Omba apewe kwanza gesi ya usingizi, ndipo sindano, ili asishikwe kwa nguvu huku hewa imemwishia. Na kama atabaki mwenzake mmoja tu, panga kabla ya siku hiyo atakaa na nani.