Kunduchi: kula kwanza, uliza baadaye, ndipo uende kwenye makaburi

Wengi tunaoishi kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mbezi Beach mpaka Bunju, tunaijua njia ya kwenda kazini na ya kurudi. Jumapili tukitaka kutoka, tunakwenda mjini, au tunaketi kwenye hoteli ya ufukweni ambako samaki analetwa na chipsi na tomato sosi. Kumbe mwendo mfupi tu kutoka lami, Kunduchi kuna kijiji cha wavuvi kinachoamka kabla ya jogoo, na kuna makaburi ya nguzo yaliyojengwa wakati Dar es Salaam yenyewe haijawa mji. Inaniuma kuona mtu anakaa Salasala miaka na miaka na hajawahi kukanyaga hapo.

Mimi ni fundi wa friji. Kazi hii inaniingiza jikoni kupitia mlango wa nyuma, kwa hiyo najua nani anaweka samaki wake kwenye barafu na nani anamtegemea Mungu. Na kwa miaka yote ya kuzunguka na begi la spana nimejifunza jambo moja: huku kwetu anayekupikia na anayekumbuka mambo ya zamani ni watu wa nyumba moja. Mama anayekaanga changu, babu yake amezikwa kule kule unakotaka kwenda kupiga picha. Ukila kwake kwanza, nusu ya safari umeimaliza.

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kutoka sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa alfajiri na alasiri, halafu mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi hutoka mbali, na wachokoaji wa pweza wanaingia kwenye miamba na vijiti vyao. Ukitaka pweza wa siku hiyohiyo, nenda bamvua. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti tena. Maana yake ni kwamba siku za mwezi mwandamo unapata vyote viwili, na mimi nikipewa uhuru wa kuchagua, huchagua hizo.

Siku za kazi ni bora kuliko wikiendi. Jumamosi na Jumapili watu wa ufukweni wamejaa, mama anakaanga kwa haraka na hana nafasi ya kuongea na wewe. Ijumaa ni nzuri mpaka saa tano hivi, baada ya hapo wazee wanajiandaa na swala, waache. Miezi ya masika iepuke kama unaweza, maana nyasi makaburini zinapanda mpaka magotini na njia zinakuwa tope tupu. Kuanzia Juni, kusi inapovuma na jua limepoa, hapo ndipo penyewe.

Ukiwa Mwenge au Makumbusho, panda daladala la kwenda Tegeta au Bunju, ushuke Mtongani. Njiani sikiliza konda anavyotaja vituo, kwa sababu vituo vyetu vimeficha mambo. Makumbusho imeitwa hivyo kwa ajili ya Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali, na watu wanashuka hapo kila siku bila kugeuza shingo. Africana palikuwa na hoteli ya ufukweni iliyovuma zamani, leo jina ndilo limebaki kituoni. Ukikutana na jina usilolielewa, muulize mtu mzima aliyekaa karibu yako. Vijana watakwambia ni jina tu.

Mtongani usikimbilie bajaji. Tembea kuelekea baharini. Kwa miguu utaona genge linalouza ngogwe na matembele, utaona nani ana foleni ya vitumbua, utasikia harufu ya nazi inayochemka kabla hujaona sufuria. Kama una mzee au mtoto, haya, panda bajaji, lakini mwambie dereva akushushe kabla ya ufukwe ili umalizie kwa miguu. Ukipita Lugalo njiani, na hata hapo Kunduchi kilipo Chuo cha Ulinzi wa Taifa, simu ibaki mfukoni. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha.

Fika ufukweni asubuhi vyombo vinaporudi. Samaki wanamwagwa, mnadi anaanza kupaza sauti, na fungu linauzwa huku wewe bado unajiuliza ni shilingi ngapi. Usinunue kwa haraka. Simama pembeni, tazama mnada unavyokwenda, ujue tofauti ya tasi na changu, ya kolekole na nguru. Samaki mzima jicho lake limejaa na linang'aa, matamvua ni mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Akiwa jicho limezama na kuingia ukungu, huyo amelala, hata kama muuzaji anakuapia. Kwenye deli au friza, angalia barafu ilivyopangwa. Samaki anatakiwa awe katikati ya barafu, na maji yawe yanatoka chini. Ukiona anaelea kwenye maji yaliyoyeyuka, mwache. Na friza lililojazwa mpaka mfuniko haufungi haligandishi, hilo nakwambia kama fundi: wa chini wamekuwa mawe, wa juu wanaoza taratibu.

Sasa kula. Chai ya asubuhi ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, saa tatu, na chakula chake ni chapati, vitumbua, maharage ya nazi, supu. Usichague banda kwa uzuri wa viti. Tazama wanaokula ni nani. Mabaharia waliotoka majini wana njaa na hawana hela ya kuchezea, kwa hiyo hawarudi mahali palipowadhulumu. Wakiwa wameketi kwenye fomu ya mbao bega kwa bega, na wewe keti. Mama ambaye saa tatu sufuria lake limeshafika chini ndiye unayemtafuta, na siku ya pili utawahi.

Kuna mkaangaji mmoja ambaye friza lake nimelihudumia muda mrefu, na ningependa umtazame mtu wa aina yake akifanya kazi. Changu anamparua, anamchanja mistari mitatu kila upande mpaka kisu kigonge mfupa, anasugua chumvi na ndimu ndani ya mistari, basi. Hakuna rangi wala unga. Karai lake limekuwa jeusi kwa moto wa kuni. Kabla ya kutia samaki anachovya mkia tu: mafuta yakikaa kimya, anasubiri, yakilia, anamlaza mzima. Hamgusi mpaka kingo ziwe kahawia, ndipo anamgeuza mara moja tu. Mafuta yake ya jana hayarudi karaini leo. Hicho ndicho kipimo changu cha mwisho kwa mkaangaji yeyote: chungulia mafuta. Yakiwa meusi na yanatoa moshi mkali kabla samaki hajaingia, shukuru uendelee na safari.

Mchana kuanzia saa sita kuna ugali na samaki, wali wa nazi, mchicha, tembele. Jioni, saa kumi na moja na kuendelea, wanatoka wa pweza na mihogo. Pweza anakatwa vipande, unakula kwa kijiti, unachovya pilipili, na supu yake unapewa kwenye kikombe. Mwezi wa Ramadhani mchana mabanda mengi yamefungwa, lakini futari ya huku, mihogo na magimbi ya nazi na uji wenye pilipili manga, inatosha kuwa safari yake yenyewe. Ukitaka kitimoto na bia, hivyo utavikuta kwa wingi Tegeta. Usiviulizie kijijini pwani.

Ukishashiba na kulipa, ndipo uulize. Na uliza vizuri. Swali kama "historia ya hapa ni ipi?" linamchosha mtu, hajui aanzie wapi. Anza na shikamoo kwa mkubwa, salimia nyumbani, salimia kazi, kisha uliza kitu kimoja kinachoshikika. Mimi huuliza hivi:

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Samahani mzee wangu, yale makaburi ya zamani njia yake ni ipi? Na nani wa kumwona kabla hatujaingia?"

Hilo la pili ndilo linalofungua mlango. Mzee anayeshona nyavu akisikia unataka kumwona mwenyewe, anajua hukuja kuchezea. Mara nyingi atakutajia mtu, au atanyanyuka mwenyewe, au atakuelekeza ofisi ya serikali ya mtaa. Kina mama nao waulize, tena uwaulize wao kwanza ukipata nafasi. Wanaume watakueleza nani alikuwa mkubwa wa mji, kina mama watakueleza nani alimzaa nani. Usimwekee mtu simu mdomoni kumrekodi bila ruhusa, na usiwapige picha wavuvi wakiwa mnadani kabla hujaomba. Mzee akikupa saa yake nzima, mnunulie kahawa na kashata. Ukimpa noti mkononi mbele za watu unamtia aibu.

Magofu yenyewe yako jirani na kijiji, chini ya mibuyu. Vaa viatu vya kufunika, nyasi zina nyoka. Ukimkuta mhudumu wa eneo, lipa kiingilio na uchukue risiti. Kuna mabaki ya msikiti wenye umri wa miaka mia nne au zaidi, na makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18 na 19. Watu wengi hupiga picha mbili wakaondoka. Wewe kaa, na uanze na ukuta. Gusa kwa macho tu. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo kwenye tanuu la magogo. Jiwe la aina hiyo ndilo linalochimbwa mpaka leo Wazo Hill, ambako kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha 1966. Nyumba yako ya tofali za saruji huko Tegeta na msikiti huu ni ndugu.

Kisha tafuta kibla. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo mihrabu, kile kishubaka cha imamu ukutani, utaikuta upande huo bila kuhitaji dira, na ukishaiona unaweza kusoma jengo lote: waumini walisimama wapi, mlango ulikuwa wapi.

Halafu nenda kwenye makaburi ya nguzo, na hapa ndipo ningekusihi utumie muda mwingi. Nguzo inasimama upande mmoja wa kaburi, na juu yake na kwenye kuta utaona mabonde ya duara yaliyochongwa kwenye lipu. Humo zilipachikwa sahani na bakuli za kaure, zikiwemo za kutoka China, zilizofika pwani hii kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi. Fikiria: chombo kilichotengenezwa China, kikapita Bara Hindi au Ghuba, kikaishia kwenye kaburi la mtu wa Kunduchi kwa sababu waliobaki walitaka kila mpita njia ajue alikuwa nani. Mengi ya mabonde hayo leo ni matupu. Sahani ziling'olewa na watu. Chungulia pembeni mwa duara, utaona alama ya chokaa ilivyokuwa imeukumbatia ukingo wa sahani, na wakati mwingine kipande chembamba cha kaure bado kimeng'ang'ania.

Usikiokote, hata kama kimeanguka chini na hakuna anayekuona. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, lakini hata sheria isingekuwepo, hapo ni makaburini. Usikae juu ya kaburi kula chipsi, usipande nguzo, watoto washike mkono. Ukikuta mtu anaomba dua, rudi nyuma mpaka amalize.

Ukitoka, kama maji bado yako mbali, tembea kidogo ufukweni utazame kuta za mawe na magunia ambayo watu wamejenga kuzuia bahari. Ufukwe huu unaliwa miaka mingi, na moja ya sababu ni mchanga unaochimbwa kwenye mito inayopaswa kuuleta baharini. Muulize mzee yeyote nchi kavu iliishia wapi alipokuwa kijana, akuoneshe kwa kidole. Mwenye nafasi na hela anaweza pia kukodi boti kwenda Mbudya, kisiwa kilicho ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1975. Kuna kiingilio, na samaki wanakaangwa hukohuko, ila mimi naona asubuhi ya kijijini ina utamu zaidi.

Utaratibu huu unafaa mitaa mingine pia. Msasani kuna makaburi ya kale karibu na wavuvi. Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kuna mabaki ya Mbwamaji, mji mkongwe kuliko Dar es Salaam: vuka kwa pantoni kutoka Feri asubuhi, kunywa chai kwanza ukishafika, kisha uulize nani wa kumwona. Magomeni kuna nyumba ya Mwalimu Nyerere iliyofanywa makumbusho, nayo imezungukwa na mama lishe pande zote. Kote huko beba noti ndogondogo, maji, na kidaftari cha kuandika majina ya watu waliokusaidia, ili ukirudi uwaulizie kwa majina yao.

Na kama umenunua samaki wa kupeleka nyumbani, mpe mparaji kijana amtoe matumbo hapohapo, mfunge na barafu ndani ya mfuko, na usimkawize kwenye foleni ya Mbezi.