Somo: Kuyeyusha seli asilia za binadamu bila kuziua

Swali la "seli zangu zimekufa, nifanyeje?" nimelijibu mara nyingi mno, ndiyo maana leo naliandikia somo. Soma lote kwanza, halafu uliza litakalobaki.

Seli asilia ni zile zilizotolewa moja kwa moja kwenye tishu ya mtu. Usizitendee kama HeLa. HeLa zilitoka kwenye saratani ya Henrietta Lacks mwaka 1951 na hadi leo zinagawanyika bila kikomo. Fibroblasti za kawaida, yaani seli za tishu unganishi, kama Hayflick na Moorhead walivyoonyesha mwaka 1961, hugawanyika mara 50 hivi kisha husimama. Kila ukizihamishia chombo kipya, umekula sehemu ya umri wao.

Anza na swali la utafiti, ndipo uchague seli. Unachunguza jinsi dawa inavyovunjwa mwilini? Tumia hepatosaiti, yaani seli za ini, maana zina vimeng'enya vya P450 ambavyo kwenye HepG2, seli za saratani ya ini, ni vichache mno. Uvimbe wa mishipa ya damu? HUVEC, seli za utando wa ndani wa mshipa wa kitovu. Makovu? Fibroblasti. Tabaka la juu la ngozi? Keratinosaiti. Kinga ya mwili? Limfosaiti na monosaiti, aina za seli nyeupe za damu. Monosaiti ukizilea kwa M-CSF, protini ya kuzikuza, zinakuwa makrofaji, seli zinazomeza vijidudu.

1. Andaa midia (kimiminika cha kulishia seli) na sahani kabla ya kugusa kichupa cha seli zilizogandishwa. Sahani ya hepatosaiti ipakwe kolajeni.

2. Vaa miwani ya kinga. Naitrojeni ya kimiminika inayotumika kuzihifadhi ikiwa imepenya ndani, kichupa hupasuka kikipata joto.

3. Yeyusha kwenye maji ya nyuzi 37 hadi kibaki kipande kidogo tu cha barafu. Futa kichupa kwa alikoholi, ingiza kwenye kabati la usalama wa kibiolojia.

4. Hapa ndipo seli nyingi zinapofia. Kwa kawaida zimegandishwa na DMSO ya asilimia 10, kemikali inayozikinga na barafu, na DMSO hiyo imeshaingia ndani ya seli. Ukizimwaga ghafla kwenye midia, maji huingia haraka kuliko DMSO inavyotoka. Seli inavimba na utando wake unachanika. Kwa hiyo ongeza midia tone kwa tone huku ukizungusha chombo taratibu kwa mkono. Tone la kwanza, subiri kidogo, la pili, subiri. Mililita ya kwanza ndiyo ya kuipa muda; zinazofuata unaweza kuongeza mwendo. Usitumie mashine ya kutikisa. Usivute na kusukuma kwa pipeti yenye ncha nyembamba. Ila usikawie pia, maana DMSO yenyewe ni sumu kwa seli zikiwa na joto.

5. Kasi ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha hadi seli zitue chini) hutegemea aina ya seli. Hepatosaiti ni kubwa na laini: 50 hadi 100 g (g ni nguvu ya mvutano wa dunia), dakika chache. Seli za damu hustahimili 300 g. HUVEC na keratinosaiti mara nyingi huachwa bila kuzungushwa. Panda moja kwa moja, badilisha midia kesho yake.

6. Hesabu kwa tripani bluu. Rangi hii huonyesha utando uliotoboka tu. Seli iliyokwisha kuumia lakini utando wake bado mzima itaonekana hai leo na kufa kesho, basi zitazame tena baada ya saa 24.

7. Panda, nyuzi 37, kabonidioksaidi asilimia 5.

Zote zishike kama zina virusi vya homa ya ini au VVU, hata kama mtoaji alipimwa.

MASWALI

Swali: Zangu zimekufa zote. Tatizo nini?
Jibu: Seli za aina gani? Ulizungusha kwa kasi gani?

Swali: Hepatosaiti, 300 g, kama ninavyofanya siku zote.
Jibu: Hatua ya 5. Imeandikwa.

Swali: Hepatosaiti ni ghali. Naweza kuzizalisha kwanza ili zinitoshe?
Jibu: Hapana. Kwenye sahani ya kawaida hazigawanyiki, na vimeng'enya vyake vinashuka ndani ya siku moja au mbili. Panga jaribio kabla hujayeyusha.

Swali: Mwalimu, keratinosaiti zangu zilikuwa zinaenda vizuri. Nilipoweka seramu (majimaji ya damu) zikawa bapa na kuacha kukua. Kwa nini?
Jibu: Umetazama vizuri. Kwenye ngozi, kalsiamu huongezeka kadiri unavyopanda kutoka tabaka la chini kwenda juu, na keratinosaiti huisoma kama amri ya kukomaa. Seramu inaleta kalsiamu nyingi pamoja na vichocheo vingine vya kukomaa, kwa hiyo zimeacha kugawanyika. Zilee kwenye midia isiyo na seramu, kalsiamu chini ya milimola 0.1. Ukitaka kuchunguza ukomavu wenyewe, ipandishe hadi milimola 1.2 hivi kwa makusudi, upige picha kila siku. Ukimaliza kutumia tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, zima kwa kizuizi cha tripsini cha soya badala ya seramu.

Swali: Nimepanda HUVEC kwenye visima vitatu vya sahani. Niandike sampuli tatu?
Jibu: Mtoaji mmoja?

Swali: Ndiyo, lakini visima ni vitatu.
Jibu: Basi ni sampuli moja uliyoipima mara tatu. Seli hizi hutofautiana kwa umri, jinsia, jeni na magonjwa ya mtu aliyezitoa. Tafuta watoaji wasiopungua watatu, na matokeo ya kila mmoja yaonekane peke yake kwenye grafu.

Swali: Nje ya mada kidogo: seli zangu za damu zikiyeyuka zinagandamana kama kamasi.
Jibu: Hiyo ni DNA ya seli zilizopasuka. Weka DNase, kimeng'enya cha kukata DNA, kidogo kwenye midia ya kuyeyushia, pamoja na magnesiamu maana haifanyi kazi bila hiyo. Halafu ziache zipumzike usiku mmoja kabla ya kuzichochea. Limfosaiti T zilizotoka tu kwenye barafu mara nyingi huitikia kwa unyonge.