Kabla ya kupiga hodi kwenye nyaraka za Uskoti

Zipo familia Afrika Mashariki ambazo jina la Kiskoti limebaki kwenye kitambulisho tu, na hakuna tena mzee wa kueleza lilitoka wapi. Wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Nyuma yao walikuja mafundi wa reli, wakulima na askari, na baadhi waliacha watoto. Wapo pia Waswahili walioolewa au kuoa Glasgow na Aberdeen, na sasa watoto wao wanauliza habari za upande wa pili wa ukoo. Ninawaandikia hao, kwa sababu nimeona wengi wakichanga nauli, wakasafiri, wakarudi mikono mitupu ilhali karatasi waliyoitafuta ipo.

Hata mimi yamenikuta. Nilipanda basi asubuhi na mapema kwenda mji mmoja mdogo, nikaukuta mlango wa hifadhi ya nyaraka umefungwa. Walikuwa wanafungua siku mbili tu kwa wiki, na siku yangu haikuwamo. Nilipowapata kwa simu kesho yake nikaambiwa kwa upole kwamba daftari nililolifuata halikuwa kwao, liko Edinburgh, na kurasa zake zilishapigwa picha. Ningeweza kuzisoma nikiwa nyumbani.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia atafute parokia kwanza. Nyaraka za zamani za Uskoti hazikupangwa kwa kufuata ukoo, wala kwa miji kama tunavyoijua leo. Zilipangwa kwa parokia, yaani eneo la kanisa moja, na parokia hizo zilikuwa zaidi ya mia tisa. Ukiijua parokia, milango inafunguka mmoja baada ya mwingine. Usipoijua, utatwanga maji kwenye kinu.

Parokia hiyo inaanza kutafutwa nyumbani, kwa bibi na babu walio hai. Usiwaulize majina peke yake. Uliza mtu alikuwa anafanya kazi gani, alisali kanisa gani, nani alikuwa anamletea barua. Geuza picha za zamani uangalie nyuma, mara nyingi pana jina la studio na mji. Andika majina ya ndugu wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa sababu Waskoti wengi walikuwa na desturi ambayo Wakikuyu wataielewa mara moja: mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa mabinti, wa kwanza alichukua jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Haikufuatwa na kila familia, lakini ukiwa na orodha ya watoto unaweza kubahatisha majina ya mababu kabla hujafungua daftari lolote.

Ukishafika hapo, ingia kwenye tovuti ya ScotlandsPeople kabla ya kufikiria tiketi ya ndege. Ni ya serikali, chini ya National Records of Scotland, na picha nyingi unalipia kwa salio. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855. Mwaka huo wa kwanza ni hazina. Cheti cha mtoto aliyezaliwa 1855 kinataja umri wa wazazi, walikozaliwa, lini na wapi walioana, na hata watoto waliotangulia. Kazi ikawalemea makarani, na mwaka uliofuata maelezo yakapunguzwa. Tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi vilirudishwa 1861.

Usiache vyeti vya vifo. Mzee aliyefariki 1855 akiwa na miaka themanini alizaliwa karne iliyotangulia, na cheti chake kina nafasi ya baba na ya mama, mama akitajwa kwa jina la ukoo wake mwenyewe. Kwa sheria na desturi ya Uskoti mwanamke aliyeolewa hakupoteza jina alilozaliwa nalo, na utalikuta hata kwenye jiwe la kaburi. Kwa sisi tuliozoea binti kubaki na jina la baba yake maisha yote, hili halishangazi. Ila angalia nani alitoa taarifa. Mtoto wa marehemu anajua jina la bibi yake, jirani huenda alikisia.

Jiandae pia kwa milango ambayo bado imefungwa. Kwenye tovuti hiyo picha za vyeti vya kuzaliwa hazionekani mpaka ipite miaka 100, za ndoa miaka 75, za vifo miaka 50. Sensa hukaa miaka 100. Ya mwisho iliyofunguliwa ni ya 1921, na zinarudi nyuma kila baada ya miaka kumi hadi 1841. Hiyo ya 1841 isikuyumbishe: umri wa watu wazima ulishushwa hadi tano iliyo karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa huambiwi ila kama ni ndani ya wilaya hiyo au nje. Sensa ya 1851 ndiyo inayotaja parokia ya kuzaliwa. Itafute hiyo kwa nguvu zako zote.

Nyuma ya 1855 unaingia kwenye madaftari ya kanisa: ubatizo, matangazo ya ndoa, maziko. La zamani kuliko yote ni la Errol, Perthshire, linaloanza 1553. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, wakidhani asiyeonekana hakuwepo. Kati ya 1783 na 1794 kila jina lililoandikwa lilitozwa kodi ya peni tatu za wakati huo, na maskini wengi hawakwenda kuandikisha. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka, karibu theluthi ya wachungaji wakatoka na kuanzisha Free Church, na watoto wa waumini wao mara nyingi hawamo kwenye daftari la kanisa la zamani. Wakatoliki walikuwa na vitabu vyao. Na hadi 1940 watu wawili waliweza kuwa mume na mke kisheria kwa kukubaliana tu, bila mchungaji, kwa hiyo kuna ndoa halali kabisa ambayo hutaikuta kwenye daftari la kanisa.

Parokia ikishapatikana, hakikisha ni yenyewe. Kirkmichael ipo Ayrshire, ipo Perthshire, ipo Banffshire na ipo Dumfriesshire. Wilaya nazo zilibadilika majina: Angus ilijulikana rasmi kama Forfarshire hadi 1928. Halafu serikali za mitaa zilipangwa upya mwaka 1975 na tena 1996, ndiyo maana kijiji kilichoandikwa wilaya moja kwenye cheti leo kinaweza kuwa chini ya halmashauri nyingine, na nyaraka zake ziko huko. Fungua ramani za zamani za Maktaba ya Taifa ya Uskoti, hazina malipo, ukitazame kijiji, shamba na kanisa lililokuwa jirani. Parokia za jirani ziandike pembeni, utazihitaji.

Sasa ndipo swali la kusafiri linapata maana, maana yako mambo ambayo tovuti haitakupa. Glasgow City Archives, ndani ya Mitchell Library, wanatunza maombi ya msaada ya maskini yaliyofuata sheria ya 1845. Mkaguzi alikwenda hadi nyumbani kwa mwombaji. Aliandika chumba kinalipiwa kodi kiasi gani, ugonjwa gani umemzuia mtu kufanya kazi, dini yake, watoto na umri wao, na mara nyingi majina ya wazazi wa mume na ya wazazi wa mke. Hakuandika hayo kwa huruma. Parokia ilitaka kujua nani anapaswa kulipa: mtu alihesabiwa wa parokia aliyozaliwa, au ile aliyoishi miaka mitano akijitegemea, na Muayalandi asiye na haki hiyo aliweza kurudishwa kwao. Kwa sababu ya ubishi huo wa fedha, mama fukara aliyetoka visiwani au Ireland ana ukurasa mzima wa maisha yake, wakati jirani yake aliyekuwa na nafuu ameacha mistari mitatu tu.

Miji mingine nayo ina hazina zake. Dundee wana nyaraka za mji wao, Inverness wana Highland Archive Centre, Orkney wako Kirkwall, Shetland wako Lerwick, Lewis wako Stornoway. Kwa visiwa vya magharibi jifunze kidogo jinsi majina ya Kigaeli yalivyogeuzwa: mtu yuleyule huitwa Donald hapa na Daniel pale, na Mac ya mwanzo wa majina ya ukoo huandikwa kwa namna nyingi. Vyama vya historia ya ukoo vya kila eneo vimenakili mawe ya makaburi kwa mkono kwa miaka mingi, na baadhi ya mawe hayo leo hayasomeki tena.

Kuna vitabu vya baraza la wazee wa kanisa, kirk session, jina ambalo waumini wa kanisa la Kipresbiteri la PCEA nchini Kenya wanalijua vizuri. Vitabu vya aina hii ndivyo nilivyovifuata kwa basi siku ile, na vingi vinasomwa bure kwenye ScotlandsPeople. Havina faharasa ya majina, inabidi ufunue ukurasa kwa ukurasa. Humo msichana mwenye mimba anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa baba ni nani, wapi, lini. Wiki mbili baadaye kijana anaitwa, anakana. Mwezi ukipita anakiri. Ikiwa cheti cha babu yako hakina jina la baba, jibu linaweza kuwa hapa. Jiandae moyoni kabla ya kusoma. Yule binti ni mama wa babu yako, na mwandiko ni wa watu waliomkalia baraza.

Lugha yenyewe itakusumbua kidogo. Andika kwenye karatasi maneno kama umquhile, yaani marehemu, na relict, yaani mjane, uwe nayo mkononi. Fanya mazoezi ya kusoma mwandiko wa zamani kabla ya kwenda, usianze kujifunza saa yako ya kusoma inapokwisha.

Wiki tatu au nne kabla ya safari mwandikie mtunza nyaraka. Usimwambie unatafuta ukoo wako wote. Mpe jina moja, parokia moja, miaka kumi, na eleza ulichokwisha kuangalia. Muulize daftari lipo pale au ghala la mbali, namba yake ya katalogi ni ipi, siku gani wanafungua, kama lazima uweke nafasi, na kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Beba kitambulisho, penseli, na nakala za vyeti ulivyonavyo. Kalamu ya wino utaambiwa uiache nje pamoja na begi na chupa ya maji. Kila picha utakayopiga, anza kwa kupiga jalada la daftari lenye namba yake, la sivyo ukifika nyumbani utakuwa na kurasa mia mbili na hutajua upi ni wa wapi.