Gazeti la zamani la Tanga lilikuwa la nani?

Usianze na kichwa cha habari, anza na maandishi madogo. Geuza hadi ukurasa wa mwisho, chini kabisa, usome nani kachapa, nani katoa na nani mhariri. Wengi hukwama hapa kwa kumdhani mchapaji ndiye mwenye mali, kumbe mtambo wake umekodiwa tu.

Kwa enzi ya Wajerumani, tenganisha magazeti matatu. Kiongozi lilitoka shule ya serikali mjini Tanga, kwa hiyo mwenyewe ni serikali, hata kama wasimulizi wake ni walimu na makarani Waswahili. Habari za Mwezi lilikuwa la UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kituo cha Magila. Usambara-Post lilikuwa la Kijerumani, sauti ya walowezi. Hili lina herufi za kigothi: "s" ya katikati ya neno hufanana na "f", na jina la mtu huharibika ukilinakili haraka. Linganisha na toleo jingine kabla ya kuliandika.

Waingereza waliuteka mji Julai 1916, kwa hiyo tarehe za karibu na hapo zikague mara mbili.

Kwa magazeti ya leo, ulizia leseni Idara ya Habari (MAELEZO), kisha wanahisa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Leseni pekee haitoshi. Kampuni huuzwa jina la gazeti likabaki.

Karatasi ikichanika usiibandike selotepu, gundi yake huigeuza kahawia. Ipige picha bila flashi, na jina la gazeti, namba na tarehe vionekane.