Mnara wa mawe wa lifti ndani ya nyumba ya mbao: usiviunganishe

Nilipoweka gololi mbele ya mlango wa lifti, ghorofa ya tatu ya nyumba moja ya mbao hapa Nairobi, ilibingirika yenyewe hadi ukuta wa nje. Mafundi walikuwa wamechomeka boriti za sakafu kwenye ukuta wa mawe wa lifti. Mbao zilipokauka zikanywea, mawe yakabaki palepale. Milango upande ule ilikuwa haifungi tena.

Hatua ya 1: piga hesabu. Mbao hunywea kwa upana na unene. Kwa urefu ni kidogo mno, kwa hiyo nguzo zisikusumbue. Saipresi unayonunua Gikomba msimu wa mvua mara nyingi huja mbichi, basi ipime kwa mita ya unyevu. Tuseme ina asilimia 20 na itakauka hadi 12. Kila asilimia moja ya unyevu ikipungua, mbao hunywea takriban asilimia 0.25. Kila ghorofa ina boriti ya milimita 225 na mbao tatu za kulala (zinazolazwa chini na juu ya ukuta) za milimita 50, jumla 375. Hapo unapoteza milimita 7.5 kwa ghorofa, na sakafu ya tatu itashuka milimita 22 na ushee. Namba hiyo iandike kwenye ramani.

Hatua ya 2: mnara wa lifti uwe na msingi wake na nondo zake. Injinia athibitishe kwamba unasimama bila kuegemea sakafu.

Hatua ya 3: jenga ukuta wa mbao kando ya mnara, huo ndio ubebe boriti. Katikati acha nafasi atakayoipanga injinia. Kabla ya kufunga, chungulia kwa tochi toka juu hadi chini. Bonge moja la simiti lililonasa humo linatosha kuzuia mbao zisishuke.

Hatua ya 4: ziba nafasi hiyo kila ghorofa kwa sufi ya mawe inayostahimili moto, ishindiliwe. Ukiiacha wazi, moto utapanda humo kama kwenye dohani. Hapa sikubali mjadala.

Hatua ya 5: kizingiti. Reli za lifti zimefungwa kwenye mawe, kwa hiyo lifti itasimama usawa wa mawe. Anza na sakafu ya mbao ikiwa juu kwa ile namba yako, kisha funika pengo kwa bamba la chuma lenye mteremko mdogo, mwenye kiti cha magurudumu apite. Skrubu zikae upande mmoja tu wa bamba, ili upande wa pili uwe huru sakafu ikishuka.