Bati Linavuja? Tundu Haliko Unapodhani

Mara ya kwanza kuziba paa langu nilipanda na kopo la lami, nikapaka usawa wa pale maji yalipodondokea sebuleni. Mvua iliyofuata, ndoo ikarudi mahali pake. Tundu lilikuwa karibu mita mbili juu zaidi. Maji yaliingia huko, yakateremka chini ya bati mpaka yakakutana na papi (mbao ambazo bati hupigiliwa), ndipo yakadondoka. Kwa hiyo nusu ya kazi hii ni kutafuta.

Hatua ya 1: Anzia ndani. Ingia darini saa sita mchana jua likiwaka, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Tundu litang'aa kama nyota. Chomeka waya mwembamba utokeze juu, ukipanda usihangaike. Usipoona mwanga, fuata madoa na michirizi kwenye mbao kuelekea kwenye kofia ya paa, kule kileleni. Na ukanyage mbao tu. Silingi bodi haibebi mtu.

Ikishindikana, mmoja ashike mpira wa maji nje, mwingine akae darini. Mwagia kuanzia chini, panda polepole, dakika chache kila sehemu. Ukianzia juu maji yatatapakaa kote na hutajua yaliingilia wapi.

Hatua ya 2: Panda. Bati liwe kavu, upepo umetulia. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita moja hivi. Tembea kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna papi. Paa lina mteremko mkali sana, au nyaya za umeme ziko karibu? Muachie fundi. Na kama ni yale mabati ya zamani ya asbesto, usikate wala usitoboe. Vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Hatua ya 3: Kagua misumari. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapovujia. Bati hutanuka mchana na kunywea usiku, msumari unalegea kidogo kidogo. Kuugongelea tena ni kujidanganya, kwa sababu tundu kwenye papi limeshapanuka. Ung'oe, ukiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili mgongo wa bati usibonyee. Badala yake funga skrubu ya bati, nene na ndefu kidogo kuliko msumari ule, yenye washa ya mpira. Kaza mpaka mpira utune kidogo pembeni, kisha acha. Ukizidisha unapasuka, na umejitengenezea mvujo mpya.

Hatua ya 4: Ziba tundu. Dogo: sugua kutu kwa brashi ya waya, futa vumbi, weka silikoni (gundi ya kuzibia). Ile inayonuka siki ina asidi inayokula bati, iache dukani. Kubwa: kata kiraka cha bati lenye migongo ileile, kipite tundu kwa sentimita 15 kila upande. Silikoni ipakwe chini ya kiraka, mzunguko mzima; kupaka ukingoni tu ni urembo. Kisha kifunge kwa skrubu kwenye migongo, si mabondeni maji yanakopita.

Kabla ya kushuka, fagia chembe zote za chuma ulizokata au kutoboa. Zikibaki zinashika kutu na kuanza kulila bati. Silikoni iache ikauke saa 24, ndipo urudi na mpira wa maji.